Mvuvi, Simu na Kamera Isiyoingia Maji



Jioni moja baada ya sala ya alasiri, wanafunzi wakiwa wamekwisha kutawanyika, alitujia mama mmoja wa mtaa wetu akiwa amebeba bakuli la mchele. Tulidhani ni sadaka ya madrasa. Akaufukua mchele kwa vidole, akatoa simu. Ilikuwa imezikwa humo siku tatu, kwa kuwa jirani alimwambia mchele hunyonya maji, na bado haikuwaka.

"Shekhe," akasema, "hii ni ya pili tangu Ramadhani. Na sasa kijana ananitaka pesa za kamera ya kuingia majini. Mimi kamera sizijui. Nakuomba uniangalizie kama ni haja au ni mchezo, nami nisije nikaibiwa."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwanawe huenda bahari pamoja na mjomba wake siku za mapumziko, kwa mashua ya mashine, hadi nje ya visiwa vya Mpunguti. Siku hiyo walivuta kolekole mkubwa ambaye kijana hajapata kumwona mfano wake. Akatoa simu apige picha. Wimbi likapanda ubavuni, likamlowesha yeye na simu yake na samaki wake. Wakacheka. Saa moja baadaye mashine ikazima na haikukubali kuwaka tena. Simu ya mjomba ilikuwa imekwisha chaji tangu asubuhi. Basi wakakaa hivyo, mkondo ukiwasukuma kaskazini, mpaka karibu na alfajiri walipokutwa na wavuvi wengine wakavutwa kwa kamba. Huku nyumbani hapana aliyelala. Walirudi wote salama, alhamdulillahi, lakini mama alilimaliza jambo kwa maneno machache: "Picha ya samaki ndiyo iliyotukesha."

Tulimwomba atupe wiki mbili. Tukawauliza wavuvi, tukawauliza vijana wa maduka ya simu, tukaazima kamera tatu nne tukazichungua, na tukaikumbuka yetu wenyewe iliyokufa zamani kwa kosa letu. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwa kuwa tunajua si mama mmoja tu mwenye kijana wa namna hii.

Tuanze na simu, maana ndiyo asili ya msiba. Vijana watatuambia, simu yangu haiingii maji, imeandikwa IP68. Herufi na tarakimu hizo zina maana yake. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji: 7 maana yake kifaa kilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 kikatoka salama, na 8 maana yake kilizamishwa zaidi ya hapo, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji mwenyewe. Lakini jaribio hilo hufanywa kwa kifaa kipya, ndani ya maji baridi yaliyotulia. Halikufanywa kwa maji ya chumvi, wala kwa simu iliyoanguka sakafuni mara kumi, ikabadilishwa kioo na fundi wa kando ya barabara. Na watengenezaji wakubwa, Apple mmoja wao, huandika waziwazi kwamba dhamana yao ya kawaida haihusu uharibifu wa maji. Mwenye simu akalia peke yake.

Chumvi ina tabia mbaya kuliko maji. Maji hukauka yakaenda zake, chumvi hubaki. Huganda katika tundu la chaji, hula shaba polepole, na simu iliyodhaniwa imepona hufa wiki ya pili. Mchele hauna dawa hiyo. Tulimwambia mama aurudishe jikoni, simu aipeleke kwa fundi aisafishe, na mara nyingine kabla ya jambo lolote izimwe, isijaribiwe kuwashwa.

Jambo kubwa zaidi ni hili: simu ya mvuvi ina kazi moja baharini iliyo juu ya zote, nayo ni kuita. Humo mna namba za watu wa diko, humo mna M-Pesa ya mafuta, humo mna tochi. Kijana aitoapo mfukoni kupiga picha kwa mkono wenye ute wa samaki, huwa anaichezea kamba yake ya uhai. Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa mama lilikuwa hili: haja ipo, lakini haja ya mwanzo si kamera. Ni mfuko wa kuzuia maji wa kutia simu, ule wa plastiki wenye kufuli la kukunja, ambao bei yake ni kidogo na huvaliwa shingoni. Kabla ya kutiwa simu, utiwe karatasi ya shashi kavu, ufungwe, uzamishwe ndani ya ndoo nusu saa na kitu kizito juu yake. Shashi ikitoka kavu, mfuko ni mzima. Na simu iingiapo humo ikiwa na chaji kamili, isitoke mpaka chombo kifike diko.

Nyumba isiyo na uwezo wa kununua kamera ikiishia hapo, haikupungukiwa na kitu. Tunasema hivi mapema kwa sababu tumeona baba akiuza mbuzi ili mwanawe apate kifaa cha kuchezea, na hilo halihitaji mufti kulijibu.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe, na tuanze na aibu yetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kamera ndogo ya rangi ya manjano katika duka moja mjini, kwa pesa tulizopata kufundisha darasa la likizo. Iliandikwa mita 10. Safari ya kwanza ilikwenda vyema. Safari ya pili, tukiwa juu ya fungu, betri ikaisha. Tukafungua kimlango cha chini, mkono ungali na maji na magamba ya changu, tukabadili betri, tukafunga, tukasikia ule mlio wa kufunga, tukaridhika. Baada ya nusu saa kioo kikaingia ukungu kwa ndani, kisha mistari, kisha giza. Tulirudi dukani kwa hasira, na maneno tuliyomwambia mwenye duka hatupendi kuyakumbuka. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akaifungua kamera, akachukua sindano, akachomoa juu ya mpira mweusi wa kimlango uzi mmoja mweupe. Ulikuwa uzi wa kanzu yetu. Ilitubidi tumtake radhi mbele ya wateja wake.

Tangu siku hiyo swali letu la kwanza juu ya kamera ya maji si inazama mita ngapi, bali mlango wake ukoje. Mwaka 1963 kampuni ya Nikon ya Japani ilianza kuuza kamera iitwayo Nikonos, iliyotokana na kamera ya Kifaransa ya jina la Calypso iliyobuniwa kwa ajili ya wazamiaji. Ilikuwa kamera ya filamu, ya chuma, na kilichoizuilia maji ni mipira ya duara iliyopakwa mafuta maalumu. Miaka zaidi ya 60 imepita, filamu imekwenda zake, lakini kizuizi ni kile kile: mpira mwembamba uliobanwa baina ya mlango na mwili. Chembe moja ya mchanga juu yake, unywele mmoja, fuwele moja ya chumvi, na maji hupata njia.

Kwa hiyo dukani, ichukue kamera ufungue milango yake yote. Hesabu ni mingapi; mmoja ni afadhali kuliko miwili. Tazama kama una kufuli la hatua mbili, la kusukuma kisha kugeuza, ili usifunguke wenyewe ukikwaruzwa na ubavu wa chombo. Pitisha ncha ya kidole juu ya mpira: uwe laini, mzima, bila ufa wala sehemu iliyoinuka. Kisha itazame lenzi. Kamera nzuri ya maji lenzi yake hukaa ndani ya mwili muda wote, hata ukivuta picha karibu. Haitoki nje kama shingo ya kasa. Ile inayotoka nje si ya bahari, muuzaji aseme asemavyo.

Juu ya kina watu hupotea sana, na maduka hufurahia wapotee. Tuipime bahari kwa kipimo chetu cha pima, ambayo ni kama mita 1.8. Kamera ya mita 10 huzama pima tano na nusu. Ya mita 15, pima nane na kidogo. Nikon walipata kutengeneza W300 ya mita 30, yaani pima kumi na sita na zaidi. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na ndiyo maana kila hatua ya kina huongeza bei. Lakini nani anazama pima kumi na sita? Kijana wetu anavua kwa mshipi, amekaa juu ya mashua. Akitia mkono majini ampige picha chewa anayepanda na ndoana, ametumia nusu ya mita. Hata wale wanaoshuka kwa miwani kutazama madema katika maji ya fungu, pima tatu zinawatosha. Mita 10 za kweli ni nyingi kwa mvuvi. 15 ni anasa ya halali.

Na ikianguka? Hapa ndipo hesabu inapopinduka. Nje kidogo ya visiwa vyetu kuna mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita. Kamera ya mita 10 ikianguka humo imepotea, na ya mita 30 imepotea vile vile. Tofauti ni kwamba ya pili ilikula pesa nyingi zaidi. Kinachoiokoa ni ukanda wa mkononi unaoelea, ule mnene kama sponji, wa rangi ya chungwa au nyekundu inayoonekana mbali juu ya maji. Ukanda huo aghalabu huuzwa mbali na kamera, na wengi huuacha ili wapunguze gharama. Tungeweza kusamehe vingi vikosekane, lakini si huu. Na si kila ukanda hubeba kila kamera. Olympus TG-6, kwa mfano, ina uzito wa gramu 253 pamoja na betri yake, na kanda dogo dogo zilizotengenezewa kamera nyepesi huzama nayo. Jaribuni nyumbani katika ndoo, mkono ukiwa chini yake. Ikielea katika maji baridi, baharini itaelea zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito.

Majina sasa. Bei za kwetu hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo tutataja madaraja tu.

Daraja la juu ni ile TG-7 ya OM System, chapa iliyorithi kamera za Olympus. Ilitoka mwaka 2023 kwa dola 550 za Marekani, nayo huzama mita 15. Ni kamera ya kupendeza, lenzi yake hupokea mwanga mwingi, humpiga picha hata kamba mdogo kwa karibu mno. Lakini kwa mshahara wa wengi wetu hiyo si kamera ndogo ya bei nafuu, ni karo ya mtoto. Watangulizi wake, TG-5 na TG-6, hupatikana mkono wa pili, na hao tutawarudia.

Chini yake ziko Kodak PIXPRO WPZ2 na Pentax WG-1000, zote mbili za mita 15, ambazo huko nje ziliuzwa chini ya nusu ya bei hiyo. Picha zake si za kutundikwa ukutani, hasa jua likizama, lakini mchana mweupe wa baharini hutosha kabisa, na nani apigaye picha za samaki usiku? Kwa kijana anayeanza, hapa ndipo tungesimama. Ziko pia zile kamera za mchezo, kama GoPro, ambazo huzama mita 10 bila sanduku. Hizo ni hodari wa video, ni ndogo sana, lakini jicho lake ni pana: samaki aliye mbali hatua mbili huonekana kama dagaa. Na kioo cha kugusa hakimtii mwenye vidole vilivyolowa. Tulijaribu, tukafanana na mtu anayepangusa dirisha. Kamera ya mvuvi iwe na vibonye vya kubonyeza kweli kweli, vinavyosikika chini ya kidole.

Daraja la mwisho ni zile zisizo na jina linalojulikana, zenye vioo viwili, mbele na nyuma, zilizobandikwa megapikseli 48, 56, hata zaidi. Hapa mama alikuwa sahihi kuogopa kuibiwa. Ile TG-7 ya ghali tuliyoitaja ina megapikseli 12 tu. WPZ2 ina 16. Itakuwaje kamera ya robo ya bei iwe na 56? Huwa ina chache kama wenzake au pungufu, kisha mashine ya ndani huitanua picha kama mtu anayeongeza maji katika maziwa. Nyingi kati yake lenzi yake haisogei, kwa hiyo kitu kilicho karibu huwa ukungu. Njia ya kuigundua ni rahisi: dukani, piga picha ya kibandiko cha bei kwa umbali wa shubiri mbili, kisha piga ya bango lililo ng'ambo ya barabara. Zikuze zote mbili kwenye kioo. Herufi zikisomeka pande zote, zungumzeni bei. Zisiposomeka, shukuru, utoke.

Mkono wa pili ndio njia ya wengi wetu, wala hatuikatazi. Lakini kamera ya maji si kama cherehani. Mipira yake huzeeka hata ikikaa kabatini. Watengenezaji wengine hushauri ibadilishwe kila mwaka. Basi mwenye kununua kamera ya miaka mitano, tuseme TG-5 au ile Fujifilm XP140 ambayo haitengenezwi tena, aihesabu kuwa ni kamera ya kustahimili rashasha na mawimbi, isiwe ya kuzamia, mpaka fundi anayejua kazi aibadilishe mipira. Tazama ndani ya mlango wa betri: ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vyuma, maji yamekwisha ingia siku moja. Tazama lenzi dhidi ya jua: ukungu wa ndani hautoki kwa kitambaa. Na anayeuza kamera yenye aibu naye akaificha, bei aliyoichukua ajue ameichukuaje.

Sehemu inayofuata ni ya nyumbani zaidi kuliko dukani, na twaiona ndiyo inayoamua kamera iishi mwaka au miaka sita. Kamera ikirudi kutoka baharini isifunguliwe. Narudia, isifunguliwe, hata kijana akilia kwamba anataka kutuma picha. Iingizwe mzima, milango imefungwa, ndani ya beseni la maji baridi, ikae robo saa, na vibonye vyake vibonyezwe humo humo ili chumvi iliyojificha chini yake itoke. Na maji baridi maana yake maji baridi. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi yake, hata tukivizoea kwa chai. Tumia ya mfereji au ya mvua. Yasiwe ya moto, wala yasitiwe sabuni. Kisha ikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ikae kivulini, na ikisha kukauka kabisa ndipo mlango ufunguliwe, ukielekezwa chini ili tone lililobaki lianguke nje. Mpira upanguswe, utazamwe kwenye mwanga. Hapo ndipo kadi itolewe na betri ichajiwe.

Jingine: mashua ikikaa juani, kamera iliyoachwa juu ya ubao huwa moto wa kuunguza. Ikitiwa ghafla majini, hewa ya ndani hupoa, unyevu wake ukaganda kwenye lenzi kama umande. Ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa, iwekwe kivulini mwa tezi. Betri na kadi vibadilishwe nyumbani kabla ya safari, si baharini. Tumekwisha eleza ni kwa nini.

Katika nyumba nyingi kazi hiyo ya beseni itamwangukia mama au dada. Tungependa imwangukie mwenye kamera. Mama wa kisa chetu alilifanya kuwa sharti, na tulimuunga mkono.

Twaulizwa pia, picha hizo za samaki za nini? Baadhi yake ni za kujionyesha, tusidanganyane. Lakini si zote. Mwezi wa Aprili 2001, nje ya Malindi, chombo cha nyavu kilimpandisha samaki wa zaidi ya mita moja na nusu, wa kilo 77, ambaye hakuwa amewahi kurekodiwa katika maji ya Kenya: silakanti, samaki wa jamii ambayo wataalamu waliiamini imetoweka tangu zama za kale mno, mpaka mwaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Na mwaka 1997, katika soko la samaki la Manado, Indonesia, mke wa mtaalamu mmoja wa bahari, wakiwa katika safari yao ya harusi, alimwona samaki wa ajabu akipitishwa juu ya mkokoteni. Wakampiga picha, samaki akauzwa akaliwa. Ilichukua mpaka Julai 1998 kumpata wa pili, na kwa miezi yote hiyo picha ndizo zilizoshuhudia kwamba silakanti yuko upande ule wa dunia. Wavuvi wetu nao huona mengi: kasa aliyenaswa, nguva, samaki mwenye kibandiko cha namba mgongoni. Picha iliyo wazi, yenye kitu cha kupimia kando yake kama kisu au kata ya kukumbia maji, huwa na faida kwa watu wa BMU na wa utafiti kuliko hadithi ya barazani. Na mnunuzi wa mjini akiona changu angali anang'aa, bei huzungumzwa kabla joto halijaingia kati.

Mawili ya tahadhari. Kamera nyingine, TG-7 mojawapo, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa kusoma satelaiti. Nahodha aliyerithi mwamba wake kutoka kwa babu, kwa kulinganisha mnazi huu na mnara ule, siri yake huweza kutoka kwa picha moja iliyotumwa na kijana mwenye furaha. Kazi hiyo huzimwa katika mpangilio wa kamera, na ni adabu kumuuliza nahodha kwanza. La pili ni la akina mama wanaoshuka pwani maji yakipwa kutafuta pweza na chaza, wamejifunga leso zao kwa kazi, hawakujitayarishia macho ya watu. Wasipigwe picha bila idhini yao, na waliokubali kupigwa hawakukubali kurushwa katika makundi ya WhatsApp. Kijana asiyelielewa hilo hajawa tayari kupewa kamera, ya maji wala ya nchi kavu.

Tulimweleza mama haya yote kwa ufupi, tukamwandikia hesabu kwenye karatasi ya daftari. Aliitazama bei ya daraja la kati, akasema, "Hii ni karo ya muhula." Hatukubishana naye. Likakatwa shauri kwamba yeye atanunua mfuko wa simu siku hiyo hiyo, na mjomba atanunua wake. Kamera kijana ataiwekea akiba mwenyewe, kutoka fungu lake, msimu mzima wa kaskazi. Kijana alinuna siku mbili. Kisha akaanza kuhesabu.

Iliponunuliwa tulikwenda naye dukani sote watatu, mama akiwa ndiye aliyefungua milango na kupitisha kidole juu ya mpira, mwenye duka akistaajabu. Ilikuwa ya mita 15, ya vibonye, yenye mlango wa kufuli mbili. Ukanda wa rangi ya chungwa ulinunuliwa duka la pili, baada ya ule wa kwanza kuzama ndani ya ndoo ya muuza maji.

Jumapili iliyofuata tulikuwa diko saa za magharibi mashua ilipoingia. Kijana aliruka majini kabla nanga haijashika, kamera ikining'inia mkononi, akaanza kumwonyesha mama picha moja baada ya nyingine: nguru, mjomba amelala usukanini, nguru yule yule kwa upande wa pili. Mama alizitazama tatu, nne, akitikisa kichwa. Kisha akanyosha mkono.

"Na simu iko wapi?"

Kijana akaivuta kutoka shingoni, ndani ya mfuko wake. Mama akaugeuza huku na huku, akaibonyeza simu juu ya plastiki. Ikawaka.